Kuhusu njia ya lami ya mazoezi kando ya mto

Ndugu yangu, umeuliza iwapo kamati ya mtaa wenu jijini Dar es Salaam ianze kukusanya michango ya kujenga njia ya lami ya watembea kwa miguu, wakimbiaji na waendesha baiskeli kando ya mto. Nawasihi msichangishe hata shilingi moja kabla ya kuhakikisha ardhi, kwa kuwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kawaoneni kwanza NEMC wanaosimamia mazingira, halmashauri, na TARURA wanaoshughulikia barabara za mijini na vijijini.

Upana usipungue mita 3, na mwinuko usizidi asilimia 5, la sivyo mwenye kiti cha magurudumu atabaki nyumbani. Linalonitia wasiwasi zaidi ni maji. Lami huharibika upesi maji yanapopenya na kulainisha tabaka la kokoto lililo chini yake, kwa hiyo ilazeni kidogo upande mmoja, kwa asilimia 2 hivi, na mitaro ichimbwe kabla ya masika. Vigingi vitazuia bajaji. Bodaboda hupenya popote, hivyo zungumzeni mapema na viongozi wa kijiwe chao.