Kumnyima mgonjwa mafuta hakuufishi uvimbe kwa njaa

Ndugu uliyeuliza kama mama yako, anayetibiwa saratani ya matiti, aachishwe mafuta yote ili uvimbe ufe njaa, nimelisoma swali lako mara mbili, maana nami niliamini hivyo hivyo nilipoanza kazi katika maabara ya kukuza seli za saratani.

Tulikuwa tukikuza seli za saratani ya tezi dume. Niliziweka kwenye kiowevu kilichoondolewa mafuta, nikitazamia kuzikuta zimekufa. Zilipunguza kasi kwa siku chache, kisha zikaendelea kugawanyika. Seli nyingi za kawaida za mtu mzima hupokea asidi za mafuta, yaani chembe zinazounda mafuta, kutoka kwenye damu, ilhali seli za saratani nyingi hujitengenezea zake kutokana na glukosi, jambo ambalo watafiti walilionyesha kwa vipande vya uvimbe tangu mwaka 1953. Nilipoongeza dawa ya kuzuia kimeng'enya kinachounda asidi hizo, seli zilidhoofika kweli. Lakini nilipozirudishia palmitati, aina mojawapo ya asidi za mafuta, kidogo tu, zilifufuka, na tangu siku hiyo nimekuwa mgumu kushawishika na habari za kuzuia mlango mmoja.

Mafuta hayo si nishati peke yake. Seli inayogawanyika inahitaji utando mpya, na utando huo hujengwa kwa mafuta. Mengine huwa malighafi ya viashiria vya kuamrisha ukuaji, na ziada huhifadhiwa katika vitone ambavyo mimi nilikuwa nikivipaka rangi nyekundu na kuvihesabu chini ya hadubini hadi macho yakauma. Saratani ya ovari, kwa mfano, hupenda kusambaa kwenye utando wenye mafuta ulio tumboni, ambako seli za mafuta zilizo jirani huikabidhi asidi zake moja kwa moja.

Kwa upande wa tiba, aina ya mafuta ina uzito kuliko wingi wake. Utando wenye asidi nyingi zilizoshiba hauharibiwi kirahisi na oksijeni kali, kwa hiyo seli yenye utando wa namna hiyo inaweza kustahimili baadhi ya dawa. Ule wenye asidi zisizoshiba nyingi huoza haraka panapokuwa na madini ya chuma, na seli hufa kwa njia iliyopewa jina la feroptosisi mwaka 2012. Seli hujikinga kwa kimeng'enya kiitwacho GPX4, na ndiyo sababu watafiti wanakiwinda. Hata hivyo, panya na sahani za maabara si mama yako.

Lililo karibu naye zaidi ni hili: tamoksifeni, dawa ya saratani ya matiti, ikiwa ndiyo anayotumia, inaweza kupandisha trigliseridi, yaani aina ya mafuta, katika damu ya baadhi ya wagonjwa, hasa waliokuwa nazo juu tangu awali, hivyo ni halali kabisa kumwomba daktari kipimo hicho. Statini, dawa zinazopunguza kolesteroli, zinachunguzwa, lakini asianzishiwe kwa lengo la kutibu saratani nje ya utafiti. Na kumwondolea mafuta yote kutamkondesha, naye akipoteza uzito na misuli atavumilia matibabu kwa shida zaidi, huku uvimbe ukiendelea kujitengenezea mafuta yake. Mpime uzito kila wiki, uuandike, na uende na karatasi hiyo kliniki.