Achari yangu imeota ukungu, mavyaa ananilaumu

SWALI: Shangazi, shikamoo. Nimeolewa huku Tanga na ninaishi na mavyaa wangu. Mwishoni mwa Novemba nilitengeneza chupa tatu za achari ya embe. Nilianika siku moja tu, mvua za vuli zikanishika, nikazichanganya embe hivyo hivyo na viungo na mafuta. Baada ya wiki mbili juu kumeota ukungu mweupe. Mavyaa anasema nimeiharibu kwa kuigusa nikiwa mwezini. Ni kweli? Na je, naweza kuutoa ukungu nikala ya chini?
Mke mgeni, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na lililokuuma: si kweli. Mikono iliyooshwa kwa sabuni na kukaushwa ni mikono safi, siku zote za mwezi. Imani hiyo ipo pia Bara Hindi, ulikotoka ujuzi wetu mwingi wa achari, na huko nako imewanyima wanawake wengi raha ya jiko lao. Naliandika hili waziwazi kwa sababu nimeona mabinti wakitolewa jikoni kwa aibu, wakakua bila kujifunza kitu ambacho mama zao walikijua vizuri sana.

Kilichoharibu achari yako ni maji. Embe mbichi ina maji mengi. Chumvi huyavuta yakatoka, jua likayakausha, na kinachobaki ni kipande kikali chenye chumvi ambacho vijidudu hawakipendi. Wewe ulikatisha kazi hiyo katikati, maji yakaendelea kutoka ndani ya chupa, yakaipunguza chumvi nguvu. Nadhani pia vipande vilielea juu ya mafuta. Ukungu unahitaji hewa, na pale juu uliipata.

Chupa hizo zitupe zote, hata kama moyo unauma. Ukungu huteremsha nyuzi usizoziona, tena hula ile asidi ya embe, ukali ukapungua, na vijidudu vingine vibaya zaidi vikapata nafasi.

Sasa sikiliza tulivyofanya nyumbani kwetu. Chukua embe zilizokomaa lakini bado ngumu kama jiwe, zisizo na hata dalili ya manjano ndani. Zioshe, zifute, ziache zikauke kabisa kabla kisu hakijagusa. Usimenye. Kwa kilo 1 ya vipande weka gramu 100 za chumvi, yaani kama vijiko vikubwa 5 au 6, na kijiko kimoja cha chai cha bizari ya manjano. Changanya, funika, lala. Asubuhi utakuta vinaogelea. Vitoe, vianike kwenye ungo uliotandikwa kitambaa cheupe, na yale maji yahifadhi. Jioni mama yangu alivirudisha vipande ndani ya maji yale yale, kesho yake akavianika tena, mpaka maji yakaisha na vipande vikawa laini kama ngozi, havitoi tone ukivibana. Jua kali hukupa hivyo kwa siku tatu hivi. Mvua ikija, viingize ndani mbele ya feni au kwenye oveni ya moto mdogo kabisa huku mlango umeachwa wazi kidogo. Usivifungie chupani kwa haraka.

Viungo ni pilipili ya unga, haradali iliyopondwa, na uwatu uliokaangwa kidogo ukasagwa. Uwatu usizidi, huleta uchungu. Mafuta yachemshe mpaka yaanze kutoa moshi, yaache yapoe kabisa, ndipo umimine mpaka yafunike kila kipande kwa unene wa kidole. Chupa ichemshwe dakika 10 na ikaushwe juani. Kijiko cha kuchotea kiwe kikavu, na baada ya kuchota sukuma vipande virudi chini ya mafuta.

Kuhusu mavyaa, usibishane naye. Kwenye msimu mwingine mwombe akae kitini akuelekeze, na kila anachotia kwa kiganja wewe kipime kwa kijiko kwanza, uandike. Naamini anajua mengi kuhusu chumvi na jua, na hayo ni mali ya watoto wako. Lile moja la mwezini liache lipite.

SWALI: Nina banda la chipsi Morogoro. Nataka kuloweka kitunguu saumu kibichi na pilipili kwenye mafuta, niweke kwenye chupa mezani kwa wateja. Itakaa muda gani?
Muuza chipsi

JIBU: Kaka, nakuomba usiiweke mezani kabisa. Kitunguu saumu hutoka ardhini, na ardhini wamo vijidudu vinavyopenda mahali pasipo hewa. Ndani ya mafuta hapana hewa, chumvi ni kidogo, ukali haupo. Hapo wanaweza kutengeneza sumu isiyo na harufu wala rangi, na mtu aliyeila huanza kuona vitu viwiliviwili, ulimi ukawa mzito, akashindwa kumeza, hata kupumua. Huyo ni wa kukimbizwa hospitali mara moja. Achari ya embe inasalimika kwa sababu ni kali na ina chumvi nyingi. Wewe saga pilipili na kitunguu saumu kwa siki tupu badala ya mafuta, tia chumvi, weka kwenye friji na utoe kidogo kidogo. Ukitaka ya mafuta lazima, tengeneza ya kutosha siku 4 tu, ikae kwenye friji, inayobaki mwaga.

SWALI: Naweza kutia embe chumvi kwenye sufuria ya alumini?
Msomaji, Lamu

JIBU: Hapana. Ukali na chumvi hula alumini, na embe hupata ladha ya chuma. Tumia bakuli la kioo, la kauri, au la chuma kisichoshika kutu. Kifuniko cha bati nacho hupata kutu, kwa hiyo weka kipande cha nailoni safi kati yake na mdomo wa chupa.