Weka makala pembeni, ingia studio

Dogo mmoja wa Morogoro kanitumia ujumbe mrefu wiki hii. Anaandika makala za muziki, ana wasomaji wake, ila daftari la mistari ya rap limejaa na kapata prodyuza anayemwelewa. "Kaka, nisimame kuandika makala nimalize mradi wa nyimbo, au nifanye vyote?" Namjibu hadharani, maana najua wengi mnaosoma hapa mna daftari kama hilo chini ya mto.

Simama.

Mimi nilisimama mwaka jana. Nilikuwa natoa makala kila wiki, na makala hukuzoesha kufafanua: unatoa hoja, unaongeza mfano, unamshika msomaji mkono hadi mlangoni. Vesi ya mistari 16 kwenye biti ya mapigo 90 kwa dakika inaisha ndani ya sekunde 43 hivi. Humo "kwa maneno mengine" haina pa kukaa. Prodyuza alisikiliza vesi yangu ya kwanza, akazima spika, akasema, "Mzee, hii tahariri." Wana waliokuwepo walicheka sana. Siku hizi wananiomba kolabo.

Vina navyo ni mtego. Maneno yetu karibu yote huishia na irabu, kwa hiyo mtu aliyetoka kwenye makala anaokota vina vya bure na kudhani anachana. "Safari" na "shubiri" vinakutana mwishoni tu. "Safari" na "hatari" vinagonga kuanzia pale mkazo ulipo, silabi ya pili kutoka mwisho, na hapo ndipo sikio la msikilizaji linaposhtuka. Msikilize rapa Fid Q, mtoto wa Mwanza, uone vina vinavyotembea katikati ya mstari. Sikio hilo halikuja kwangu hadi nilipoacha kabisa kuandika aya. Ndiyo maana nasema simama, usipunguze.

Miezi ya kurekodi siisimulii. Ni kiti cha plastiki, kusubiri zamu na kusubiri umeme.

Kilichoniuma ni kingine. Mhariri niliyemwandikia miaka mingi alimpa mtu mwingine safu yangu kabla sijamaliza hata wimbo mmoja. Hakupiga simu. Jina jipya nililiona siku moja na wasomaji wengine wote. Wadogo zangu, anayekupenda kwa sababu unapatikana tu, huyo hakupendi, anakutumia. Kaeni mkilijua hilo kabla hamjaaga. Lakini ageni! Waambie watu unaenda wapi na unafanya nini, halafu uende kweli.

Na msitishwe na hadithi kwamba ukihama kazi moja watu wanakusahau. Rapa Sugu aliingia bungeni mwaka 2010 kwa jimbo la Mbeya Mjini, rapa mwenzake Profesa Jay akaingia 2015 kwa Mikumi, na mtaani majina yao bado ni yale yale ya kwenye maiki. Wewe unayeogopa kupotea miezi michache unajipa ukubwa ambao hata wabunge hawana.

Jambo la karatasi, haraka. Kabla ya kurekodi, andikianeni na prodyuza: biti ya nani, masta, yaani rekodi halisi ya wimbo, inakaa kwa nani, kila mtu anapata asilimia ngapi. Kazi ikishatoka, isajilini COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 inailinda kazi yako maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa, ila siku ya ugomvi utaulizwa ushahidi, na "tulielewana kishkaji" si ushahidi. Andikianeni. Narudia, andikianeni.

Mradi wangu umetoka, na wimbo wa tatu nimeusikia kwenye daladala ya Tandika bila mimi kumwomba dereva. Makala nazo nimeanza tena kuandika, kwa mwendo wangu. Yule mhariri kanitafuta mwenyewe safari hii, akitaka nirudi kwenye safu. Nimemjibu kwa adabu zote kwamba mwezi huu niko studio.