Maswali ya Wasomaji: Mwaustralia aliyelala Voi

SWALI: Mhariri, salaam. Kila niendapo Voi kwa shughuli zangu, mzee mmoja jirani yangu hunikumbusha kwamba katika makaburi ya vita ya mji huo amelala Mwaustralia aliyepewa nishani ya ushujaa inayopita zote za Waingereza. Je, ni kweli? Alifuata nini huku, na mbona ndugu zake hawakuja kumchukua wakamzike kwao? Mzee huongeza kwamba baba yake mkubwa naye alifia vita hivyo hivyo akiwa mpagazi, wala hakuna ajuaye alipozikwa. (Msomaji, Mwatate)

JIBU: Mzee amesema kweli. Aliyelala hapo ni Luteni William Thomas Dartnell, ambaye jeshini alitumia jina la Wilbur, mzaliwa wa Collingwood mjini Melbourne mwaka 1885, na ambaye kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia alikuwa mwigizaji wa jukwaani. Alikuja na Kikosi cha 25 cha Royal Fusiliers, kilichoshuka Mombasa Mei 1915, kikosi cha ajabu kidogo kwa kuwa kilikusanya wasafiri na wawindaji wa kila namna. Hata Frederick Selous, mwindaji aliyekwisha kupita miaka sitini, alikuwamo, naye akauawa Beho Beho, upande wa Rufiji, Januari 1917, akazikwa huko huko.

Wewe wa Mwatate utaielewa vita ya hapo kuliko wengi. Wajerumani, waliokuwa wakiitawala Tanganyika, walikuwa wameiteka Taveta tangu Agosti 1914, na doria zao zilivuka nyika isiyo na maji kuja kutega baruti kwenye reli ya Mombasa. Waingereza nao wakaanza kujenga tawi la reli kutoka Voi kuelekea magharibi, wakaweka kambi Maktau. Karibu na Maktau ndipo Dartnell na askari wenzake wapanda farasi walipopambana na adui tarehe 3 Septemba 1915. Alijeruhiwa mguuni, na wenzake walikuwa tayari wanambeba kumwondoa, alipoona kwamba adui amefika hatua chache tu na kwamba majeruhi walio hoi zaidi yake hawawezi kuchukuliwa. Akashikilia aachwe pamoja nao, kwa matumaini ya kuwaokoa, na hapo akafa. Nishani hiyo unayoiuliza, Victoria Cross, ilitangazwa Desemba mwaka huo huo.

Tangazo lenyewe lina doa ambalo sioni sababu ya kulificha. Linasema Dartnell alibaki kwa kuwa alijua kwamba askari weusi wa adui huwaua majeruhi. Maneno hayo yaliandikwa na upande mmoja wakati vita vinapamba moto, na anayeyasoma leo ayapime hivyo. Ushujaa wa mtu aliyekuwa ameshabebwa, akaomba ashushwe, hauhitaji kupambwa kwa kuwachafua askari wa upande wa pili, ambao wengi wao walikuwa watu wa Tanganyika.

Ama kuhusu kurudishwa kwao, jeshi la Uingereza lilipiga marufuku mwaka 1915 kufukua maiti za vita na kuzisafirisha nyumbani, na Tume ya Makaburi ya Vita, iliyoundwa mwaka 1917, ikaushikilia msimamo huo hata baada ya amani. Hoja ilikuwa kwamba wenye fedha wangewarudisha wana wao, na wa maskini wangebaki porini. Kwa hiyo afisa na askari wa kawaida walale kule walikoangukia, chini ya mawe ya kimo kimoja, kila mmoja na jina lake. Australia iliendelea na utaratibu huo hadi mwaka 1966, ilipoanza kuwarudisha wanajeshi wake waliokufa Vietnam. Kilichorudi kwao Dartnell ni nishani, nayo imehifadhiwa katika jumba la kumbukumbu za vita la Canberra.

Hapo ndipo swali la mzee linapouma, maana usawa huo haukumfikia baba yake mkubwa. Wapagazi waliobeba unga, risasi na majeruhi, wale wa Carrier Corps (kikosi cha wapagazi) waliotuachia jina la Kariakoo Dar es Salaam na Kariokor Nairobi, walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara, homa na njaa, na wakubwa wa enzi hizo wakaamua kwamba sanamu chache za pamoja zingewatosha. Ukisimama mbele ya ile ya Nairobi utamwona mpagazi wa shaba pamoja na askari, na chini yao maandishi, Kiswahili kikiwamo, yanayoahidi kwamba anayepigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Jina lenyewe halikuandikwa.

Mwaka 2021 Tume hiyo ilitoa ripoti na kuomba radhi, ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba huenda idadi ikafika 350,000. Iliahidi pia kuendelea kuyatafuta majina. Basi kaa na mzee wako mapema, uandike jina kamili la baba yake mkubwa, jina la babu yake, kijiji alikotoka na chifu aliyemtoa, kisha uipelekee Tume hiyo kwa maandishi, na nakala moja ubaki nayo nyumbani.