Bosi anataka nirudishe nyuma tarehe za ankara

SWALI: Mhariri, mimi ni mhasibu mwenye CPA, yaani cheti cha juu cha taaluma ya uhasibu, katika kampuni ya kusambaza vifaa vya ujenzi jijini Dar es Salaam. Tunapofunga hesabu za Desemba, mkuu wa fedha amenitaka niandike ankara za mzigo ambao bado uko ghalani na utatoka Januari, ili mauzo yafikie kiwango tulichoiahidi benki iliyotukopesha. Niliposita alisema, "Hatuibi kitu, tunavuta cha kesho kije leo." Nina watoto wawili shuleni na marejesho ya SACCOS. Je, nikubali mara hii moja, au niache kazi? Na mume wangu nimweleze?

JIBU: Dada yangu, usiziandike ankara hizo, na kazi usiiache bado.

Mauzo huingizwa vitabuni pale mteja anapokuwa na mamlaka juu ya mzigo, wala si pale muuzaji anapokuwa na shida ya kuyaonyesha. Cha kesho kikishaliwa leo, Januari itaanza na pengo, pengo litazibwa kwa ankara za Februari, na wewe uliyekubali mara moja hutakuwa tena na sababu ya kukataa mara ya pili.

Yupo mhasibu aliyeipita njia hiyo. Mwaka 2000, Betty Vinson wa kampuni ya simu ya WorldCom, katika jimbo la Mississippi nchini Marekani, aliagizwa na wakuu wake kupunguza gharama vitabuni kwa dola milioni 828. Alitii, kisha dhamiri ikamsuta hata akaandika barua ya kujiuzulu. Lakini mkurugenzi wa fedha alimtuliza kwa kumhakikishia kwamba jambo hilo halitarudiwa, na kwa kuwa Vinson ndiye aliyekuwa tegemeo la nyumba yake, barua hakuitoa. Jambo likarudiwa. Kampuni iliomba ulinzi wa mahakama ya ufilisi Julai 2002, na mwaka 2005 Vinson alihukumiwa kifungo cha miezi mitano, ingawa njama hakuibuni yeye.

Kataa kwa maandishi, lakini kwa lugha ya kazi. Mwandikie mkuu wako barua pepe fupi ukimweleza kwamba hati za mzigo hazionyeshi kuwa umekabidhiwa kwa wateja, na kwamba unaomba maelekezo yake kuhusu msingi wa kuuingiza katika mauzo ya Desemba. Wakuu wengi wanaotoa agizo la namna hii kwa mdomo hawako tayari kulirudia kwa maandishi. Akiendelea kukusonga, kitaje cheti chako: maadili ya taaluma yanayosimamiwa na NBAA, bodi ya taifa ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, hayamruhusu mhasibu kujihusisha na taarifa anayojua kuwa inapotosha. Ukiisema hivyo, humwiti mtu mwizi. Unalinda leseni yako, jambo ambalo hata yeye, kama ni mhasibu, analielewa. Hatua inayofuata ni mkaguzi wa ndani au kamati ya ukaguzi ya bodi, kama zipo.

Kwenda nje ya kampuni ni jambo jingine, nami sitakupamba kwa maneno ya ushujaa. David Munyakei, karani wa Benki Kuu ya Kenya aliyetoa nyaraka za kashfa ya Goldenberg, ya fedha za umma kulipwa kwa mauzo ya dhahabu ya uongo, alikamatwa mwaka 1993, akapoteza kazi, na alifariki mwaka 2006 akiwa maskini. Tanzania ina sheria ya mwaka 2015 ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi, lakini ulinzi wake ni kwa anayepeleka taarifa kwa mamlaka husika, si kwa anayezirusha mitandaoni. Muone mwanasheria kabla, wala si baada. Na ukiachishwa kazi kwa sababu ya kukataa, una siku 30 tu za kuwasilisha mgogoro wako Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kwa hiyo barua pepe ile itakufaa sana.

Kuhusu mume wako, mweleze leo jioni, tena kwa tarakimu: ada za Januari ni kiasi gani, SACCOS inadai kiasi gani, na akiba yenu inaweza kuwavusha miezi mingapi bila mshahara wako. Barua pepe iandike kesho asubuhi, mkiwa mmekwisha kuijua hesabu hiyo.