Barua kwa Mwanangu: Ile Kazi ya Wiki Sita

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza hadi mwisho, na kelele za matatu zote. Unasema Jumatatu unaanza kazi ya uhasibu kwenye Sacco huko Thika, lakini moyo hautulii, kwa sababu CV uliyowapelekea haikuitaja ile kazi ya wiki sita uliyoifanya Industrial Area, Nairobi, kwa wale mawakala wa forodha. Unaniuliza, niwaambie au ninyamaze? Na nikinyamaza, je, mimi ni mwongo?

Nyamaza. Wala wewe si mwongo.

Ila kuna mahali pawili ambapo kunyamaza huacha kuwa kunyamaza, na hapo nitakaa zaidi, maana mengine unayajua mwenyewe.

Kwanza hiyo CV, uiache kama ilivyo. CV haina kiapo. Ni karatasi ya kumwonyesha mtu unachokiweza, na katika wiki sita hukujifunza lolote la kumwonyesha mhasibu mwenzako, zaidi ya kuwapigia simu wadeni wa watu wengine. Miaka yote niliyokaa ofisi ya mishahara pale hotelini nilizisoma CV nyingi kuliko magazeti. Ukanda wetu huu wa pwani unajua kazi fupi. Masika yakifika Aprili wageni hupungua, hoteli nyingine hufunga hata milango, na vibarua hurudi nyumbani wakingojea Julai. Mtu wa kazi za hoteli anaweza kuwa amepita sehemu kadhaa katika miaka michache, naye huandika zile alizokaa akashika jambo. Meneja wetu alilijua hilo na hakumsumbua mtu. Januari 2008, baada ya zile ghasia za uchaguzi, watalii waliondoka kwa pamoja, na vijana walioajiriwa miezi miwili kabla wakarudi kwao sare zikiwa bado mpya. Baadaye walipokuwa wakitafuta kazi, kuna walioiandika ile ya hotelini na kuna walioiacha. Sikumsikia hata mmoja akiitwa mdanganyifu.

Sasa penye mwiba. Sacco inashika pesa za watu, kwa hiyo Jumatatu watakupa fomu za kujaza kabla hata hujaonyeshwa kiti chako. Fomu ni kitu kingine kabisa. Isome swali kwa swali, usijaze kwa haraka ya kumfurahisha karani aliyesimama pembeni yako. Ikisema utaje kazi zinazohusiana na nafasi uliyopewa, hiari ni yako. Ikisema utaje waajiri wako wote, au wote wa miaka mitano iliyopita, na chini kuna mstari wa sahihi unaosema kwamba uliyoandika ni ya kweli na hukuficha kitu, basi iandike. Mstari mmoja unatosha: jina la kampuni, mwezi ulioingia, mwezi uliotoka, cheo. Pale penye sababu ya kuondoka andika kwamba majukumu hayakuwa yale mliyokubaliana. Usiongeze neno.

Mikataba mingi ina kifungu kinachosema mwajiri akigundua ulitoa habari za uongo anaweza kukuachisha. Hakuna Sacco itakayokufukuza kwa kuwa ulikaa wiki sita kwa mawakala wa forodha. Watakufukuza kwa ile sahihi. Tulikuwa na mtunza stoo mmoja, mtu hodari, aliyeruka kazi moja katika fomu ya namna hiyo. Huko alikotoka hakuwa na kosa lolote, aliona tu ni fupi mno. Ikaja kujulikana mwaka wa pili, kwa bahati tu. Meneja hakujali ile kazi yenyewe, lakini tangu siku hiyo kila hesabu ya stoo ilirudiwa na mtu mwingine, hadi mwenyewe akachoka akaondoka.

Na mtu akikuuliza uso kwa uso, tangu utoke kwa waajiri wako wa kwanza umekuwa ukifanya nini, usibuni. Nakujua. Utataka kusema ulikuwa ukimuuguza bibi. Bibi yako ni mzima, jana ametembea mpaka sokoni Kongowea na kurudi na samaki, usimlaze kitandani kwa ajili yako. Sema: "Nilianza mahali, nikaona kazi siyo niliyoajiriwa, nikatoa notisi nikaondoka." Kisha funga mdomo. Najua kimya kinachofuata ni kigumu, na watu wengi hukijaza kwa maneno ambayo hayakuombwa. Wewe kiache.

Neno hilo la notisi lishike vizuri. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inaruhusu muda wa majaribio usiozidi miezi sita, na ndani ya muda huo upande wowote unaweza kuvunja mkataba kwa notisi ya siku saba. Mwajiri anakujaribu, na wewe pia unamjaribu. Ulitoa notisi yako kwa maandishi, ukazifanya siku zako, ukarudisha kadi ya mlango. Hukutoroka usiku. Ndiyo maana nashangaa unaposema unaona aibu. Aibu ni ya aliyekuandikia "mhasibu" kwenye barua kisha akakupa simu na orodha ya wadeni.

Sehemu ya pili ni ya serikali, na hapa nitakuwa mkali kidogo, kwa sababu nimewaona vijana wakiona kwamba kazi isiyoandikwa kwenye CV haikuwepo kabisa. Wale mawakala walikukata kodi na kuipeleka KRA, wale wa mamlaka ya mapato, kwa PIN yako, ile namba yako ya kodi. Mwaka ujao utakapojaza ritani ya kodi, na mwisho ni tarehe 30 Juni, utahitaji P9 mbili, zile karatasi za mwajiri zinazoonyesha mshahara na kodi uliyokatwa: ya kwao na ya Sacco. Ukijaza kwa ile ya Sacco peke yake utakuwa umewaficha watu ambao tayari wanajua. Halafu kuna jambo dogo ambalo wewe mhasibu ulipaswa kuniambia mimi. Uliondoka huko mwanzoni mwa mwezi huu, na huku unaanza mwezi huu huu. Kila mwajiri akikokotoa kodi yako hukuondolea shilingi 2,400 za nafuu ya mwezi. Haki yako ni nafuu moja kwa mwezi. Ukiipata mara mbili, utadaiwa tofauti wakati wa ritani. Weka hela kidogo kando usije ukashtuka. Na usichelewe, maana faini ya kuchelewa haishuki chini ya shilingi 2,000, na afadhali hizo uninunulie kanga.

Waandikie leo, kabla hawajakusahau, uwaombe hiyo P9 na cheti cha utumishi. Kwa sheria hiyohiyo ya 2007, aliyefanya kazi chini ya wiki nne mfululizo mwajiri halazimiki kumpa cheti. Wewe umevuka, kwa hiyo ni haki yako. Wala usiogope watakachoandika ndani yake, kwa sababu cheti hicho hutaja jina la mwajiri, jina lako, kazi uliyofanya na mahali ulipoifanyia, tarehe ya kuanza na ya kuacha. Hakuna anayelazimika kuandika habari za tabia yako au uhodari wako. Kiweke pamoja na cheti chako cha kuzaliwa. Hutamwonyesha mtu mpaka siku atakapokiulizia, na siku hiyo utakuwa nacho.

Ukimaliza hapo, ingia katika akaunti yako ya NSSF, ule mfuko wa akiba ya uzeeni, uangalie kama zile pesa walizokukata zilifika. Fanya vivyo hivyo kwa SHA, ile bima ya afya. Namba ni zako, hazibadiliki ukibadili kazi, na Sacco watakapoomba namba wape namba. Taarifa ya michango ni yako mwenyewe, hawakuiomba, usiwapelekee. Lakini kama ile kampuni ilikata na haikupeleka, huo ni mshahara wako umekaliwa, na huwezi kuudai huku ukijifanya hukuwahi kufika kwao. Mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Basi okota chako.

Kuhusu wenzako wa ofisini, nina maoni ambayo huenda usiyapende. Umesema unafikiri kumwambia "mmoja tu, yule msichana aliyenionyesha ofisi, anaonekana mtu mzuri". Inawezekana ni mtu mzuri. Usimwambie. Habari yenyewe haina ubaya, ni ile hadithi inayoifuata. Ukishasema ulikuwa mahali wiki sita, ataulizia kwa nini, nawe utaanza na simu za wadeni, utaingia kwa yule bosi aliyekuwa akipiga meza, utamaliza na siku uliyolia chooni. Mwenzako ataondoka na picha moja: huyu mgeni husema waajiri wake. Wiki ijayo akiona umenuna kwa sababu ya njaa tu, atasema ndiyo hayo, ataondoka huyu. Wiki sita ni kitu kidogo sana. Hadithi yake ni kubwa, na ndiyo ya kuficha.

Nairobi na Thika ni mtaa mmoja siku hizi, kwa hiyo usishangae mtu akikuambia kwenye chai, "Si nilikuona kwa wale mawakala?" Jibu, "Ndiyo, nilipita pale kidogo." Usikane, wala usigeuke rangi. Mwulize yeye alikuwa na shughuli gani huko, watu hupenda kuulizwa. Akienda kumwambia meneja wako, meneja akakuita, mjibu maneno yaleyale niliyokuandikia juu, wala usiombe msamaha kwa kitu ambacho hukuulizwa.

Ile LinkedIn sijui nicheke. Ulitangaza kazi siku ya kwanza na picha ya kadi shingoni, watu wakapongeza, na mjomba wako wa Muscat akaweka mioyo. Basi kuificha kabisa tayari haiwezekani, na vizuri ulijue hilo ujilegeze. Iondoe kwenye orodha ya kazi zako bila maelezo, na usitangaze hii mpya mpaka umalize muda wa majaribio. Najua vijana mnaona kitu kisichotangazwa hakijatokea. Mshahara utaingia tu.

Yote haya nimeyasema nikijua ulitoka kwa hiari na mikono safi. Kama kuna jambo hukuniambia, kwamba kulipotea pesa au kuna barua ya onyo, nipigie kabla ya Jumatatu. Sitakugombeza. Kwa kazi ya kushika fedha jibu langu lingekuwa jingine: ungewaambia wewe kwanza, kwa mdomo wako, kabla hawajasikia kwa simu ya mtu.

Shangazi yako ameniuliza kwenye harusi ya Likoni kama bado uko "kwa wale wa mizigo". Nimemwambia uko kazini, unashukuru. Akataka kujua unalipwa ngapi, nikamwongezea pilau. Beba kitambulisho, PIN na zile picha mbili za pasipoti, na viatu vyeusi uvipige rangi Jumapili, usingoje asubuhi umeme upotee.

Mama yako,
Mombasa