Pesa Yako Iishie Kwenye Bukta

Mhariri, salaam nyingi kutoka Ilala. Wiki hii mmetuuliza wasomaji kama nguo za bei mbaya za kuendeshea baiskeli zinastahili pesa zake. Mimi ni fundi cherehani, meza yangu iko jirani na soko la Karume, na nguo hizo siziuzi. Nazitengeneza zikishaharibika. Kwa hiyo mkinunua sipati kitu, msiponunua sipotezi kitu, na nimeziona upande ambao muuzaji hamwonyeshi mteja, yaani ndani, zikiwa zimefumuliwa.

Jibu nalitoa mapema ili mwenye haraka aende zake. Bukta, ndiyo, ila kwa mtu anayeendesha baiskeli ya kuinama na anayekaa juu yake zaidi ya saa moja kwa mkupuo. Jezi, hapana. Jaketi la mvua, kwa hapa Dar, hapana mara mbili.

Nianze na bukta, maana ndiyo yenye maneno. Nina mteja, kijana wa benki, mmoja wa wale wanaotoka Jumamosi kabla jua halijachomoza kwenda Bagamoyo, kilomita zipatazo 70 kwenda tu. Aliniletea bukta mbili kwa mpigo. Moja ni ya mikanda ya mabegani, imeshonwa Italia, shemeji yake alikuja nayo. Nyingine aliinunua Kariakoo. Ile ya Italia lastiki za mapajani zilikuwa zimekufa na kitambaa kimelegea. Ile ya Kariakoo kitambaa kilikuwa kizima, lakini sponji la kukalia, ambalo wenyewe kwa utani wanaliita godoro, lilikuwa halifai. Akaniambia, "Fundi, si unatoa tu huku unaweka kule?"

Nikakaa nikazifumua zote. Sponji la Kariakoo lilikuwa kipande kimoja, unene uleule kuanzia mbele hadi nyuma, na katikati umepita mshono wa ovaloki uliovimba, palepale anapokalia mtu. Nililibonyeza kwa kidole gumba nikagusa mbao za meza. Na halikurudi juu. Mkate uliolowa chai una nguvu kuliko lile.

La Italia lilikuwa kazi nyingine. Ni matabaka yaliyobandikwa kwa joto, bila uzi katikati. Limenenepa sehemu mbili tu, chini ya ile mifupa miwili ya makalio, halafu likapungua kuelekea pembeni mpaka ukipitisha kidole hujui limeishia wapi. Katikati lina mfereji, nao haukuwekwa kwa urembo. Mtu akiinama kwenye baiskeli, uzito unahama kutoka kwenye mifupa kwenda kwenye nyama laini na mishipa ya mbele, na ndiyo maana wengine wanashuka wakiwa na ganzi mahali ambapo hawawezi kumwambia mtu. Sponji bora za aina hii hufika uzito wa kilo 120 kwa mita ya ujazo. Godoro la kawaida la kulalia halifiki hata nusu ya hapo. Nililibonyeza vilevile kwa kidole gumba, kikazama kidogo kikagoma. Pesa ya bukta ile ilikwenda hapo.

Ikaenda pia kwenye mishono. Kitambaa cha kuvutika ukikishona mshono ulionyooka wa cherehani ya kawaida, mtu akichuchumaa mara moja uzi unakatika. Mimi hutumia zigizaga. Viwandani wana mashine ya sindano kadhaa inayolaza vipande viwili ukingo kwa ukingo, mshono unatoka bapa, hauna pa kusugua paja. Mashine hiyo sina, na mafundi wenzangu wa hapa nilipo hawana. Sponji nilimhamishia, kwa zigizaga, na nikamwambia wazi: bosi, hii Bunju utafika na kurudi bila shida, lakini habari ya Bagamoyo sikuahidi.

Bukta kama ile huko Ulaya inauzwa dola 200 mpaka 300. Kwa pesa yetu ni zaidi ya nusu milioni, hapo hujagusa usafiri, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18. Sidhani kama kuna haja ya kufika huko. Bukta za kati za dola 60 hadi 90 nimezifumua pia, na sponji zake zinakaribiana sana na zile za juu. Zina matabaka, zina mfereji, mishono ni bapa. Kutoka hapo kupanda unalipia kitambaa chepesi zaidi, mikanda laini zaidi, na jina. Jina halikaliwi.

Halafu kuna jambo naona aibu kuliandika gazetini lakini acha niliandike. Bukta ya sponji haivaliwi na chupi ndani. Kazi yote ya kuondoa mishono inafanyika ili ngozi ikutane na kitambaa kisicho na ukingo. Ukivaa chupi umerudisha mishono mitatu minne palepale ilipoondolewa, tena ya pamba, inayonywa jasho na kubaki mbichi. Mteja mmoja nilipomwambia hivyo aliniangalia kama nimemtukana mkwe wake. Lakini nusu ya lawama za michubuko zinazokuja mezani kwangu, chanzo ni hicho. Anayetaka ulinzi zaidi apake mafuta ya mgando kidogo kwenye maungio ya mapaja, basi.

Nimesema baiskeli ya kuinama, na hapo naomba mtu asiruke. Mtazameni muuza madafu. Ana baiskeli ya Phoenix, usukani uko juu, anakaa wima, na tandiko lake ni pana lenye springi mbili nyuma. Mtazameni na yule anayeingia mjini na magunia ya mkaa kutokea Kisarawe. Hawa wako na baiskeli kutwa, kuliko sisi wote tunaojadili sponji, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuja kuniulizia bukta ya mikanda. Wamevaa kaptula ya mtumba na fulana ya kampeni ya uchaguzi ambayo chama chenyewe kimeshasahau kauli mbiu yake. Wakikaa wima uzito wote unatua kwenye mifupa, ambayo imeumbwa kukaliwa, na springi zinameza mashimo. Zile springi zinafanya kazi ambayo bukta ya Italia inalipwa nusu milioni kuifanya. Kwa hiyo wewe unayetoka Tabata kwenda Posta kwa baiskeli ya wima, kabla ya kununua bukta badilisha tandiko. Ni rahisi zaidi na halifuliwi.

Sasa jezi. Tangu mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yafanyike Kigali Septemba 2025, mara ya kwanza kuja Afrika, watu wananiletea picha kwenye simu: fundi, nataka inibane hivi. Wengine wanataka ya kijani, ya anayeongoza kwa pointi, kama aliyoichukua Biniam Girmay wa Eritrea kwenye mashindano ya baiskeli ya Tour de France ya 2024. Najivunia kijana yule kama mtu mwingine yeyote, ila wale wanabanwa kwa sababu. Mshindi wa Tour de France siku hizi anakwenda wastani wa kilomita 40 na ushee kwa saa, wiki tatu. Ukinzani wa hewa hupanda kwa mraba wa mwendo. Ukiongeza mwendo mara mbili, hewa inakusukuma mara nne. Kwa mwendo wao shati linalopepea ni hasara ya kweli. Kwenye foleni ya Mwenge unakwenda kilomita 15 kwa saa, na bajaji inakupita kushoto. Hewa haina habari na wewe.

Kuna wanaosema jezi ghali inakausha jasho. Inasaidia, sibishi: polista hainywi maji kama pamba, inalisambaza jasho juu ya kitambaa likauke. Ila kukauka kunategemea hewa inayolipokea. Mwezi wa tatu hapa Dar hewa yenyewe imeshashiba unyevu, na jezi ya laki tatu na ya elfu kumi zote zitakuganda mgongoni ukifika kituo cha Morocco. Polista ni polista. Nimezishika za bei zote, tofauti ninayoiona kwa mkono ni ndogo kuliko tofauti ya bei. Vitu viwili tu ningevitafuta kwenye jezi: zipu inayofunguka mpaka chini, kwa ajili ya mlima wa Pugu, na mifuko mitatu ya mgongoni yenye lastiki imara, simu isije ikabaki Daraja la Tanzanite.

Jaketi la mvua nalipitia haraka. Yale ya bei kubwa yana utando unaozuia maji ya nje na kupitisha mvuke wa jasho kutoka ndani, na mvuke huo unasukumwa na tofauti iliyopo kati ya ndani na nje. Kwenye baridi ya Ulaya tofauti ni kubwa. Kwenye masika yetu, nje ni joto na unyevu, ndani ni joto na unyevu, mvuke uende wapi? Unalowa jasho badala ya mvua. Mvua ya Dar lowa tu, simu weka kwenye mfuko wa nailoni.

Riflekta ile ya bodaboda, ambayo kwa bei ya sahani mbili za chipsi unaipata, ina faida kuliko jezi yoyote iliyowahi kupita mezani kwangu. Anayetoka saa kumi na moja alfajiri Barabara ya Bagamoyo na jezi nyeusi ya laki tatu bila riflekta ana mpangilio wake wa matumizi ambao mimi siuelewi. Hata nguo nzuri uliyonayo naweza kuipigia ukanda wa kuakisi mwanga mgongoni na kwenye vifundo vya miguu, na vifundo ni bora zaidi kwa sababu vinapanda na kushuka, dereva anajua mara moja kuwa huyu ni mtu.

Ninachotaka wanunuzi wakijue kuliko bei ni beseni. Nguo hizi zina uzi wa kuvutika unaoitwa elastani, wengi wanaujua kwa jina la Lycra, ulibuniwa na Joseph Shivers katika kampuni ya DuPont ya Marekani mwaka 1958. Unavutwa mara kadhaa ya urefu wake na unarudi. Maadui zake ni joto na klorini. Sasa fikiria safari ya bukta ya nusu milioni katika nyumba zetu: inavuliwa ikiwa na chumvi ya jasho, inatupwa kwenye tenga mpaka Jumatano, inalowekwa pamoja na mashuka kwenye maji yenye jiki, inasuguliwa kwa brashi, inaanikwa kwenye jua la saa saba juu ya bati, na dada mwenye bidii anaimalizia kwa pasi. Lastiki za kijana wa benki hazikuuawa na barabara. Nilipozivuta zilitoa ule mlio wa kukatika nyuzi moja moja, na rangi nyeusi ilikuwa imegeuka ya kutu upande mmoja, upande uliotazama jua.

Bukta ifuliwe siku hiyohiyo, maji ya baridi, sabuni kidogo, kwa mkono, ndani iwe nje. Usiweke dawa ya kulainisha nguo, inaziba nyuzi. Ianikwe kivulini, na usiikamue kwa kuisokota maana sponji linachanika kwenye kingo. Kama nyumbani kwako hilo haliwezekani, usinunue ya bei kubwa. Nunua ya kati na uizoee kuwa ni ya kuisha.

Akina dada wameanza kuja, na wanaulizia tofauti. Sponji la kike si lilelile lililopunguzwa ukubwa: mifupa ya kukalia ya wanawake kwa kawaida imeachana zaidi, kwa hiyo unene unatakiwa uwe pembeni zaidi. Asiyetaka bukta ya kubana ionekane avae ndani ya suruali pana au sketi ya suruali. Sponji linafanya kazi vilevile, na suruali yenyewe naipunguza mguu wa kulia usiliwe na mnyororo. Hapo hakuna anayelazimika kuchagua kati ya starehe na stara.

Mwisho, mitumba, maana najua swali linakuja. Jezi, nunua mtumba bila wasiwasi. Karume zinatoka jezi za Ulaya safi kabisa kwa elfu tano mpaka kumi, zilizovaliwa msimu mmoja na klabu ya kijiji fulani cha Ubelgiji. Bukta ya sponji, hapana. Nguo za ndani za mitumba zimekatazwa nchini, na TBS, shirika la viwango, wanalisema hilo kila mara. Bukta inayovaliwa bila chupi na kubanana na mwili wa mtu kwa saa nne ni nguo ya ndani, hata kama kwenye bale imepangwa na kaptula. Isitoshe, sponji lililokwisha kukaliwa na mtu mwingine limeshabonyea kwa mifupa yake, si yako. Ukiwa na laki mbili, laki na nusu na zaidi kidogo iende kwenye bukta mpya, elfu kumi jezi ya mtumba, riflekta, glavu kama vidole vinakufa ganzi, na chenji inabaki. Jezi ikiwa haina mifuko niletee, naishona siku hiyohiyo, lastiki njoo nayo.

Fundi cherehani, Ilala, Dar es Salaam